Dhahabu ya Sekenke na Sauti ya Zeze

Mwaka 1916, dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, iligeuzwa kuwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora na watawala wa Kijerumani, na thamani yake ikapangwa na wageni. Historia hiyo inastahili kukumbukwa kila muziki wa asili wa Tanzania ya kati unapopanda majukwaa ya nje, ili thamani yake nayo isipangwe na wageni. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alipiga zeze, yaani ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, na ilimba, yaani kisanduku chenye vijino vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, katika matamasha ya WOMAD, yaliyoanza Uingereza mwaka 1982 ili kuwakutanisha wanamuziki wa mataifa mbalimbali. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, limethibitisha kwamba jukwaa la namna hiyo linaweza kusimama hapa nchini. Kwa hiyo ni haki ngoma za Wanyiramba, wenyeji wa Iramba, nazo zirekodiwe, zifundishwe shuleni na kuthaminiwa nyumbani, kabla wazee wanaozijua hawajaondoka nazo.