Stesheni Bila Reli: Mazungumzo Yetu Juu ya Hangari ya Miti



Mkutano uliopita tulibishana mpaka mvua ikatutawanya. Wamoja wanataka hangari ya kungojea magari pale njia panda ijengwe upesi: nguzo, manjanja, basi. Wengine wanataka jengo la heshima. Na wote tuligawanyika juu ya ule ukuta wa zamani. Komite ilituomba tulete mawazo, nasi tukaenda kutafuta kwenye stesheni za gari la moshi. Mtacheka, kwa sababu Miti haijaona reli hata siku moja. Lakini mtuvumilie kidogo.

Reli ilibaki kidogo tu itufikie. Wabeljiji walijenga ile ya Kivu, CEFAKI, toka Uvira kupita bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola. Shabaha ilikuwa Bukavu. Ikasimama Kamanyola, juu mbele yake kuna mlima wa Ngomo. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770, Kivu yetu iko karibu mita 1460, na sehemu kubwa ya ile tofauti inapandwa pale pale kwa mwendo mfupi. Mizigo ikawa inashushwa Kamanyola na kupakizwa ndani ya malori. Mwaka 1958 reli ikafungwa. Ndiyo maana kwetu gare ni barabara, na Miti njo gare yenyewe: hapa njia ya Goma inaachana na ile ya Bunyakiri, Walikale na Kisangani.

Wale kati yetu waliorudi toka kambi za Tanzania wanajua stesheni ya Kigoma, lile jengo jeupe la Wajerumani lenye matao, linaloangalia ziwa. Reli ilifika pale mwaka 1914, vita ikaja mwaka ule ule. Wajerumani walipokimbia mwaka 1916 walivunja madaraja nyuma yao, na meli yao kubwa wakaizamisha wenyewe. Madaraja yakarudishwa. Meli ikaopolewa, ikapewa jina Liemba, na mwaka 1997 ikasaidia kuwarudisha ndugu zetu wakimbizi toka Kigoma. Jengo je? Halikubomolewa eti kwa kuwa ni la adui. Wabeljiji walipewa nafasi yao kwenye bandari ya Kigoma kwa mapatano ya 1921, mizigo ya Congo ikapita hapo hapo. Mkiangalia vizuri, uzuri wake uko kwenye kivuli: msafiri anakaa na mzigo wake nje ya jua na nje ya mvua, na bado anaona gari likija.

Kindu ni habari nyingine. Tangu vita ya 1998 gari la moshi halikufika, bidhaa nyingi zikawa zinakuja kwa ndege, na mnajua ndege inafanya nini kwa bei. Mwaka 2004 gari la kwanza likaingia toka Lubumbashi. Mtu wa Kindu hakuuliza kama stesheni imepakwa rangi. Wale kati yetu wanaosema "upesi" wana haki hapo, na tunakubali.

Lakini kuna Rotterdam, kule Uholanzi. Mji ulichomwa kwa mabomu tarehe 14 Mei 1940. Mwaka 1957 wakafungua stesheni kuu mpya. Miaka 50 baadaye ikawa ndogo, wakaibomoa, na nyingine ikafunguliwa mwaka 2014. Lakini saa ya ile ya kwanza na herufi za jina lake walizirudisha mbele ya jengo jipya. Watu matajiri hivyo, wangeweza kununua herufi zingine!

Sasa ukuta wetu. Fundi anasema unakula nafasi ya gari mbili. Ni kweli, tumepima naye. Lakini ile siku ya 1996, Bukavu ilipoanguka, nyuma ya ukuta huo ndipo familia nyingi zilisimama zikichagua njia. Wamoja walishika ya Bunyakiri, wengine waliteremka kuelekea ziwa. Kuna mama kati yetu aliyemwachia dada yake mtoto pale, eti watakutana Walikale. Hawakukutana. Mama huyo hakusema neno kwenye mkutano, na sisi hatukumuuliza. Hilo lilikuwa kosa letu.

Mawazo yetu ni haya. Ukuta ubaki, urefu wa kiuno, ujazwe simenti juu, uwe kiti. Matofali yatakayotolewa yajenge chumba chenye ufunguo, juu mwenye mzigo wa maharagwe akikosa gari asilale juu yake. Manjanja yatoke nje ya nguzo hatua mbili nzima, kwa sababu mvua ya hapa inakuja kwa ubavu. Hangari moja tuliyopewa zamani ilikuwa na paa fupi, na wamama waliendelea kulowana ndani yake. Vyoo vijengwe kabla ya rangi.

Wafadhili wanataka mchoro mwisho wa mwezi huu. Tunawaomba watuachie wiki mbili zaidi. Jumapili, kisha misa na ibada, tutakutana pale pale njia panda, si ofisini. Fundi atakuja na kamba. Na yule mama tumemwomba aseme wa kwanza, kama atapenda.