Shahidi Mmoja, Mwangwi Kumi

Nimeombwa nieleze jinsi wataalamu wanavyochunguza jamii za mitandaoni. Mimi ni nesi, si mtu wa kompyuta, kwa hiyo nitaanzia kazini kwangu.

Mgonjwa akigundulika ana kifua kikuu hatuishii kumpa dawa. Tunamuuliza: unalala na nani chumba kimoja? Unasali wapi? Unafanya kazi na nani? Chukua majina hayo, kila mtu mfanye nukta, na wanaokutana waunganishe kwa mstari. Utaona nani anaunganisha familia hii na ile. Wanaochunguza mitandao wanafanya hivyo hivyo, ila badala ya vijidudu wanafuata habari.

Na msidhani elimu hii imezaliwa Marekani na kompyuta. Sehemu ya mizizi yake iko Zambia, kwenye miji ya migodi. Kitabu alichohariri J. Clyde Mitchell mwaka 1969 kina sura ya A. L. Epstein inayofuatilia umbea wa mji wa Ndola. Ndiyo, umbea! Maana ukijua nani kamwambia nani, umejua nani yuko karibu na nani.

Sasa nije kwetu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania. Sisi wa nje tukabaki tunatafuta habari za nyumbani kwa udi na uvumba. Nikapata ujumbe wa sauti kwamba mtoto wa dada mmoja tunayefahamiana naye hapa Birmingham ameuawa. Nililetewa na watu 11. Nikajisemea, watu 11 hawawezi kukosea wote. Nikausambaza, ukamfikia mama mtu. Msiba ukawekwa, watu wakaja na rambirambi. Mtandao uliporudi, kijana mwenyewe akapiga simu. Mzima.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nichukue karatasi. Nikawauliza wale 11 mmoja mmoja: wewe ulipewa na nani? Mistari yote ikarudi kwa mtu mmoja, naye alikuwa amesikia jina linalofanana. Sikuwa na mashahidi 11. Nilikuwa na shahidi mmoja na mwangwi kumi.

Msinielewe vibaya. Watu waliuawa kweli. Novemba 2025 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema huenda waliouawa ni mamia. Ndiyo maana inaniuma: kila kifo cha uongo tunachosambaza kinampa aliyeua nafasi ya kusema kwamba hata vifo vya kweli ni uzushi.

Mnaweza kuuliza, kwani kwenye simu zetu hakuna kinachochuja? Kipo, lakini hakichuji uongo. Ni programu za kupendekeza. Mwanzoni wazo lilikuwa zuri. Mwaka 1994 watafiti wa MIT na Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza mfumo wao wa GroupLens: wasomaji wanazipa habari alama, kompyuta inawatafuta wenye ladha kama yako, kisha inakuletea walichokipenda. Siku hizi wengi wetu hatutoi alama. Programu inahesabu tunachobonyeza, tunachotazama hadi mwisho, tunachogombania. Hasira yako nayo inahesabiwa kama umependa. Na wanaofanana nawe wanaletewa kile kile, kwa hiyo ukiwauliza kila mmoja anakujibu, "Hata mimi nimeiona." Mwangwi tena.

Hapa Uingereza tumeyaona. Julai 2024, baada ya watoto watatu kuuawa Southport, uongo ulienea kwamba muuaji ni mwomba hifadhi aliyekuja kwa boti. Ghasia zikalipuka miji mingi. Tarehe 5 Agosti mamia ya watu walikusanyika Bordesley Green, hapa hapa Birmingham, kwa habari kwamba wazungu wenye siasa kali wanakuja. Hawakuja, lakini baa ikashambuliwa. Julai 2025 kamati ya Bunge inayoshughulikia sayansi na teknolojia ilisema biashara ya kampuni hizi, inayoishi kwa matangazo, inachochea kuenea kwa maudhui yenye madhara.

Sheria zitachelewa. Sisi tuanze na haya matatu.

Kwanza, kabla ya kusambaza, muulize aliyekuletea: ulipewa na nani, na huyo aliona au alisikia?

Pili, hesabu vyanzo, usihesabu sauti.

Tatu, wewe uliye kwenye vikundi vingi, cha dini, cha mkoa, cha kazi, cha siasa, ujue kwamba wewe ndiye daraja. Habari ikikuvuka imehama kundi, na huko iendako wataiamini kwa sababu wanakuamini wewe.

Nilipomaliza kuchora ile karatasi niliutafuta mstari uliomfikia yule mama. Ulikuwa mmoja tu, na ulipita kwangu.

Naomba kuwasilisha.