Athari na Kumbukumbu: Mhadhara juu ya Uhai, Mauti na Ulimwengu



Nimeombwa niseme juu ya uhai na mauti, na kwa kuwa somo hilo ni pana kuliko umri wa mtu, nimeona heri nilishike kwa ncha moja tu, nayo ni suali hili: mtu akiisha kufa, ni nini chake kinachobaki hapa duniani, na ni nani mwenye dhamana ya kukitunza? Mambo ya Akhera yana wenyewe, wala sitaingilia mlango wao. Nasema juu ya kile kinachobaki upande huu wa kaburi, na dai langu nalitoa mapema ili msikilizaji apate kulipima kadiri tunavyokwenda: ulimwengu huhifadhi athari nyingi mno, kwa muda mrefu mno, lakini ulimwengu haukumbuki, kukumbuka ni tendo, na tendo hilo halina mtendaji mwingine tumjuaye ila mtu aliye hai.

Huko Laetoli, kusini ya bonde la Olduvai katika Tanzania ya kaskazini, majivu ya volkano yalianguka juu ya nchi zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita, kisha ikanyesha mvua kidogo, kiasi cha kuyalowesha tu bila kuyachukua, hata yakawa laini ya kupokea alama ya kila kilichopita juu yake. Wakapita ndovu, wakapita kanga na sungura, wakapita farasi wa kale wenye vidole vitatu, na wakapita viumbe waliokwenda wima kwa miguu miwili kama twendavyo sisi. Baadaye majivu yakakauka, yakaanguka mengine yakayafunika, na mambo yakabaki hivyo hadi mwaka 1978, jamaa wa uchimbuzi wa Mary Leakey walipozikuta nyayo hizo na kuzifukua polepole, takriban 70, katika njia ya urefu wa mita 27 hivi. Mwenye kuzitazama huona kisigino kilivyozama na kidole gumba kilivyolala sambamba na wenziwe, tofauti na kile cha nyani kilichojitenga ili kushika tawi. Mmoja wao alikuwa mdogo wa umbo, akienda ubavuni mwa mkubwa. Na wa tatu alikuwa akiitia miguu yake ndani ya nyayo za yule mkubwa aliyemtangulia, kama afanyavyo mtoto hata leo katika matope ya masika. Hata matone ya mvua ile yameacha vishimo vyake.

Basi nauliza: katika miaka hiyo milioni na milioni, mwamba ule ulikuwa ukikumbuka nini? Haukukumbuka lolote. Athari ilikuwapo kamili, na kumbukumbu haikuwapo hata chembe, mpaka alipotokea kiumbe wa jinsi ile ile, mwenye kisigino na kidole gumba cha namna ile ile, akainama akasema: hapa walipita watu, na walikuwa pamoja. Na tangu siku ile kumbukumbu yenyewe imekuwa kazi isiyokoma. Nyayo zilipofukiwa mara ya kwanza ili zilindwe, mbegu za migunga ziliota juu yake, mizizi ikaanza kushuka. Ikabidi mwaka 1995 na 1996 Watanzania wa idara ya mambo ya kale pamoja na wenzao wa taasisi ya Getty ya Marekani wafukue tena, waiondoe mizizi, kisha wafukie upya kwa mchanga, vitambaa maalumu na mawe. Ajuaye kazi ile ilivyokuwa hataniambia kwamba mambo ya kale hujitunza yenyewe.

Tupandishe macho sasa. Usiku wa mwezi wa Novemba, mahali pasipo taa za mji, mtu akitazama upande wa kaskazini kutoka nchi zetu hizi aweza kuona kiwingu hafifu cha nuru kisichotembea kama mawingu mengine. Mwanafalaki Abd al-Rahman al-Sufi alikiandika katika kitabu chake cha nyota kule Isfahan mwaka 964, naye akakiita kiwingu kidogo. Sisi leo twakiita Andromeda, na twajua, tangu vipimo vya Edwin Hubble katika miaka ya 1920, kwamba ni jamii kubwa ya nyota iliyo nje kabisa ya jamii yetu. Nuru yake hutufikia baada ya safari ya miaka kama milioni 2.5. Yaani nuru tuionayo usiku huu ilipoanza safari yake, wale wapita njia wa Laetoli walikuwa wamekwisha kufa zaidi ya miaka milioni moja kabla yake. Nimekuwa nikiipima hesabu hiyo kwa muda mrefu, wala haijazoeleka moyoni mwangu. Yatuonyesha kwamba mbingu zote ni athari, kwa kuwa hakuna nyota hata moja tuionayo ilivyo sasa, hata jua letu twaliona lilivyokuwa dakika 8 na kitu zilizopita. Lakini yatuonyesha pia kwamba nuru ile ilisafiri dahari zote hizo bila kubeba ujumbe wowote, na ikawa ujumbe siku ilipoangukia jicho la al-Sufi, naye akachukua kalamu.

Huenda mtu akasema kwamba nimetenga mambo mawili yaliyo moja, na kwamba kumbukumbu ya mtu nayo ni athari tu iliyochorwa katika ubongo. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake tumepewa na maisha ya mtu mmoja aliyeteseka sana. Henry Molaison, Mmarekani, alipasuliwa ubongo mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, ili aponywe kifafa, na tangu siku hiyo hadi kufa kwake mwaka 2008 hakuweza kuweka moyoni jambo jipya lililompata. Mtu aliyezungumza naye asubuhi alikuwa mgeni kwake adhuhuri. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora umbo la nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo, kazi inayomtatiza kila aijaribuye mara ya kwanza. Siku hadi siku mkono wa Molaison ukawa hodari zaidi, na kila siku yeye mwenyewe aliamini kwamba hajapata kuifanya kazi ile maishani mwake. Mkono ulikuwa na athari. Molaison hakuwa na kumbukumbu. Sijui hoja ya falsafa iliyowahi kuyatenganisha mambo haya mawili kwa uwazi mkubwa kuliko huo, nami nasema hivyo kwa heshima ya mtu ambaye msiba wake umetufundisha sote.

Wala tusidhani kwamba sisi wenye afya twaweka mambo ya kale kama shehena katika bohari, tukienda kuyachukua yalivyo. Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza mwaka 1932 jinsi alivyowasomesha Waingereza hadithi ya watu wa asili wa Amerika, akawataka waisimulie tena baada ya siku na miezi, na kila walipoisimulia ilizidi kufanana na dunia yao wenyewe, hata mtumbwi ukageuka mashua. Akumbukaye hutengeneza upya. Ndiyo maana kumbukumbu yaweza kudanganya, na ndiyo maana yaweza pia kuitwa tendo, lenye sifa na lawama, lenye uaminifu na khiyana. Mwamba wa Laetoli hauwezi kuwa mwaminifu.

Sasa twende pwani. Kuna makaburi ya nguzo toka Somalia hata Tanzania, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Kaburi moja la Gedi lina mwaka, 802 wa Hijria, yaani 1399, lakini mengi hayana mwaka wala jina. Katika nguzo za baadhi ya makaburi hayo walipachika vibakuli vya kaure kutoka China, na mara nyingi vibakuli vimekwisha kung'olewa, kikabaki kishimo cha mviringo katika chokaa, safi, chenye ukingo uliosawazishwa kwa mkono wa fundi. Ni athari nzuri, na ya bubu. Twajua kibakuli kilikuwa na upana gani. Aliyelala chini yake hatumjui.

Nyumba za mji wa Pate zingalikuwa na hali hiyo hiyo lau si mtu mmoja. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwanzoni mwa karne ya 19, aliyatazama majumba ya mabwana wa Pate yaliyokuwa yamekwisha kuwa magofu, akatunga Al-Inkishafi, akiuhutubia moyo wake mwenyewe na kuuonya usidanganyike na dunia ipitayo. Naliona ajabu jambo hili: alitunga ili kutufunza kwamba fahari ya mabwana wale imekwisha, na kwa kutunga kwake akaifanya isiishe, kwa maana leo tunazijua kumbi zao kwa sababu aliyekusudia kutuachanisha nazo alizitazama kwa makini na huruma kuliko walivyozitazama waliokaa ndani yake. Na utenzi wenyewe haukujileta mikononi mwetu. Ulinakiliwa na watu kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, mwandishi wa hati nzuri na mchonga milango, ambaye kalamu yake iliwaandikia wataalamu wa Ulaya nakala nyingi za tenzi za kale. Na mwaka 1939 William Hichens akauchapisha London. Mnyororo huu una watu tu, kila mmoja aliye hai kwa zamu yake.

Marehemu John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alisema kwamba aliyefariki huendelea kuwa karibu na jamaa zake maadamu yuko mtu amkumbukaye kwa jina, na kwamba akifa wa mwisho aliyemjua, basi marehemu huyo huzama katika Zamani. Nakubaliana naye kwa nusu. Ni kweli kwamba kujuana uso kwa uso kuna mwisho wake, vizazi vinne au vitano hivi. Lakini Mbiti aliwahesabu waliomjua marehemu, akawasahau wanaomrithi. Mjukuu anayeitwa kwa jina la babu yake aliyekufa kabla hajazaliwa, na hitima isomwayo kwa ajili ya watu ambao msomaji hakuwaona, ni kukumbuka kwa mtu asiyemjua marehemu, kwa amana aliyopokea. Na amana hupita mbali kuliko macho.

Epikuro wa Ugiriki alidai kwamba mauti si kitu kwetu, kwa kuwa tulipo sisi mauti hayapo, na yalipo mauti sisi hatupo. Hoja hiyo yaweza kumtuliza anayeogopa kufa kwake. Haimsaidii hata kidogo mama aliyezika mtoto, kwa sababu yeye yupo, na mauti yapo, na vyote viwili vimekaa naye katika chumba kimoja. Falsafa isiyokuwa na neno la kumwambia mama huyo naiona ni nusu ya falsafa. Neno langu kwake ni dogo: kwamba uchungu wake ni kazi, na kazi hiyo ni ya kweli, na hakuna kiumbe kingine katika ulimwengu, pamoja na ukubwa wake wote, kinachoweza kuifanya badala yake.

Najua litakalosemwa: kwamba wakumbukaji nao watakufa, na jua nalo, baada ya miaka kama bilioni 5, litakwisha, na hapo hapatakuwa na Pate wala Kijuma wala utenzi. Ni kweli. Lakini hoja hiyo hudhani kwamba jambo lisilodumu milele halikuwa na thamani lilipokuwapo, na dhana hiyo sijaona aliyeithibitisha. Miaka bilioni 5 ijayo haiwezi kuyafanya yaliyotendwa yasiwe yametendwa. Wala haituondolei hata saa moja ya wajibu wetu wa mwaka huu.

Na wajibu wa mwaka huu naweza kuutaja. Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika ile ya chuo cha SOAS kule London, zimo hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, tenzi na barua, na wanafunzi wetu walio wengi, ambao Kiswahili ndicho lugha yao, hawawezi kuzisoma. Lugha wanayo, herufi hawana. Hiyo ni athari inayongoja, na ujuzi unaohitajika ni wa miezi michache tu kwa kijana mwenye bidii. Naziomba idara za Kiswahili na Historia, mbele ya hadhara hii, zifungue darasa la kuzisoma hati hizo mwaka ujao wa masomo, nami nitalifundisha siku zozote nitakazopangiwa, bila ujira.