Daftari Moja, Visima Vingi: Kuunganisha Hifadhi za Vifurushi vya Programu Huria kwa Watengeneza Programu wa Kusini



Nianze na darasa langu hapa Ndanda. Nilikuwa na vijana 12, kompyuta mpakato saba na simu moja iliyokuwa ikigawa intaneti. Kazi ya asubuhi ilikuwa ndogo: kusakinisha maktaba za Python za kusomea majedwali. Kila mashine ikaenda yenyewe PyPI, hifadhi kuu ya vifurushi vya Python, ng'ambo ya bahari, kuvuta mafaili yale yale. Mara saba faili moja lilipita kwenye simu moja. Kabla ya saa nne bando likakata. Kijana mmoja akachomoa fleshi mfukoni: "Mwalimu, mimi ninazo tangu mwaka juzi." Tukanakili. Mashine tatu zikakubali, nne zikagoma, kwa kuwa mafaili yalitengenezwa kwa toleo jingine la Python. Hata kwa zile tatu zilizokubali, hakuna aliyeweza kusema mafaili yametoka kwa nani na kama yamechezewa njiani.

Darasa lile lilikuwa na matatizo mawili, na sisi tumezoea kuyafunga tita moja. La kwanza ni kwamba chanzo hakijulikani, vitu vimetapakaa. La pili ni kwamba chanzo kiko mbali. Nashauri tuyatenganishe: chanzo tukiunganishe, nakala tuzitawanye.

Wenzetu wamekwisha kuipita njia hii. Watumiaji wa lugha ya Ruby walikuwa na RubyForge tangu 2003. Mwaka 2008 GitHub nayo ikaanza kutengeneza vifurushi vyao, ikiweka jina la mwenye akaunti mbele ya jina la kifurushi. Kikawa kitu kimoja chenye majina mawili katika hifadhi mbili, na mara nyingine matoleo hayalingani. Mwaka 2009 Nick Quaranto akajenga Gemcutter, hifadhi rahisi kupakia. Jumuiya ikakubali iwe ndiyo hifadhi yao kuu, ikaitwa RubyGems.org. GitHub ikaacha kutengeneza vifurushi hivyo mwaka huo huo, na RubyForge ikafungwa 2014. Ninachokipenda katika habari hii ni utaratibu: jina jipya lilishika kazi kwanza, la zamani likaachwa lizeeke taratibu, na waliochelewa kuhama hawakutupwa barabarani.

Python ilikuwa na ugonjwa mwingine. PyPI iliorodhesha vifurushi ambavyo mafaili yake yalikaa kwenye tovuti za watunzi wenyewe. Tovuti ya mtunzi mmoja ikizimika, usakinishaji wa mtu asiyemjua, nchi nyingine kabisa, unakwama. Mwaka 2014 likaandikwa pendekezo la PEP 470 la kuuondoa utaratibu huo: kilichoorodheshwa PyPI kikae PyPI.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza 2004 ukiwa na mizizi Eldoret, Kenya. Mfumo huu unaongezewa uwezo kwa moduli, mafaili yanayoishia na .omod. Mwanzoni moduli zilipakiwa kwenye hazina ya mradi wenyewe. Baadaye ikatengenezwa Add Ons, ambayo kazi yake ni kuwa daftari: unatafuta moduli hapo, lakini faili lenyewe linakaa kwingine, na mengi yalikaa kwenye ghala la mtandaoni liitwalo Bintray. Kisha Februari 2021 kampuni yenye Bintray ikatangaza kuifunga, na tarehe 1 Mei mwaka huo ikafungwa. Mafaili yakalazimika kuhama. Lakini kwa kuwa daftari lilikuwa kitu mbali na ghala, mtafutaji aliendelea kuanzia pale pale alipozoea.

Kufungwa kule kulinigusa mimi mwenyewe. Nilikuwa nimetengeneza programu ya simu ya kuandikia uzito wa korosho, kwa ajili ya chama kimoja cha msingi. Msimu ulipokaribia nikataka kubadilisha kitu kidogo tu, rangi ya kitufe. Programu ikakataa kujengwa. Maktaba moja ndogo niliyoitegemea ilikuwa imewekwa hifadhi moja tu, hiyo hiyo iliyofungwa, na mtunzi wake hakuihamishia Maven Central, hifadhi kuu ya maktaba za Java. Kwa siku tatu nilitafuta mtu mwenye nakala. Mwishowe niliikuta kwenye diski ya kompyuta yangu ya zamani, katika folda ya muda ambayo ningeweza kuifuta wakati wowote. Karani aliyekuwa akinisubiri alirudi kwenye daftari la karatasi, na sikuwa na la kumlaumu.

Sasa, wapo watakaosema: tukiweka vyote mahali pamoja, pakianguka tumeanguka wote. Ni kweli. Machi 2016 mtunzi mmoja wa JavaScript aliondoa vifurushi vyake vyote npm, hifadhi kuu ya vifurushi vya lugha hiyo, kikiwamo left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo, na miradi isiyo na idadi ikavunjika saa hiyo hiyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku hizo PyPI ilikuwa nzima kabisa. Sisi ndio tulikuwa hatufiki.

Hapa wenyeji wa uwanda wa Makonde wana la kufundisha. Juu kule Newala mto hakuna. Tangu miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde unasukuma maji kutoka bonde la Kitangari kuyapandisha uwandani. Lakini ingia katika ua wa mtu wa Newala: utakuta kisima kilichosakafiwa kwa saruji, mdomo wake umefunikwa, na bati la nyumba limetegwa mfereji ili mvua iingie humo. Pampu haikumfanya afukie kisima, wala kisima hakikumfanya aidharau pampu. Pampu ikisimama, watoto wanaoga.

Ninachopendekeza ni kisima cha namna hiyo. Kompyuta moja ya mezani, hata ya zamani, yenye diski ya terabaiti moja, iendeshe devpi kwa vifurushi vya Python na Verdaccio kwa vya JavaScript. Zote mbili ni programu huria. Mtu wa kwanza akiomba kifurushi, mashine inakifuata kwenye hifadhi kuu, inampa na kubaki na nakala. Wa pili hadi wa saba wanakipata hapa hapa Ndanda, bila bando. Masasi wakiwa na yao na Newala yao, si hasara. Hivi ni visima.

Vifurushi tunavyotunga wenyewe ni habari nyingine. Leo kimoja kiko GitHub kwa jina la mtu, kingine kwenye Google Drive, kingine kimetumwa kwa WhatsApp. Hivi vyote viende PyPI, npm au Maven Central, kila kimoja kwa lugha yake, chini ya akaunti ya jumuiya. Visiishie kwenye mashine yetu ya ndani tu. Mwaka 2021 mtafiti wa usalama Alex Birsan alionyesha jinsi jina linalotumika ndani ya kampuni, likiwa halijasajiliwa nje, linavyoweza kuchukuliwa na mgeni, na kompyuta za kampuni zikasakinisha chake.

Kuhusu uthibitisho sina haja ya maneno mengi mbele ya wana korosho. Mzigo unapimwa, unapangwa daraja, ghala linatoa stakabadhi. Anayenunua kwa kangomba, nje ya utaratibu huo, hana mizani ya kuaminika wala karatasi. Fleshi ya yule kijana ilikuwa kangomba. Stakabadhi ya kifurushi ni alama ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaobadilika kabisa hata ukigusa herufi moja ndani ya faili. Tukiziandika alama hizo katika orodha ya mahitaji ya mradi, pip yenyewe itakataa faili lisilolingana, liwe limetoka PyPI au fleshini.

Linalonisumbua zaidi ni funguo. Tangu mwanzo wa 2024 PyPI inadai uthibitisho wa hatua mbili kwa kila anayepakia. Maana yake, simu ya mtu mmoja ikiibiwa, kifurushi kinaweza kukaa miezi bila mwenye kukirekebisha. Kila kifurushi cha jumuiya kiwe na watu watatu wenye mamlaka, wasiokaa mji mmoja.

Nimekuja na orodha ya vifurushi vyetu vyote ninavyovijua. Mbele ya baadhi ya majina nimeacha nafasi, kwa kuwa sijui ufunguo uko kwa nani. Nitaibandika karibu na mlango wakati wa chai, na kalamu nimeifunga kwa uzi.