Mstari Uliobaki Wazi Katika Kitabu cha Babu Keya

(Maneno ya mweka hazina na kamati yake katika mkutano wa mwaka wa wana-Mara wa kata yetu waishio Dar es Salaam)



Mweka hazina akisimama watu hushika mifuko. Tulieni kwanza. Hesabu za michango ya mwaka jana zimo mwishoni mwa kijarida hiki na zimekaguliwa. Leo tumeombwa tueleze jambo ambalo limeulizwa kwenye kila msiba na kila harusi tangu mwaka juzi: ile nyota ya Babu Keya imefikia wapi?

Kwa vijana waliozaliwa hapa mjini, Babu Keya ndiye yule mzee aliyepanda miembe njia ya kisimani na aliyekuwa akiwapigisha kwata watoto wa shule saa kumi na mbili asubuhi bila kuombwa na mwalimu yeyote. Keya ni jeshi la mkoloni, King's African Rifles, na wazee wetu walilitamka hivyo hivyo mpaka likawa jina la mtu. Alifariki mwaka 1998. Alikuwa babu wa baadhi yetu kwa damu, na wa wengine wote kwa miembe.

Chini ya kitanda chake lilibaki bati la biskuti. Shangazi, binti yake mkubwa, ndiye aliyelitunza. Ndani mlikuwa na kitabu chake cha kuachishwa jeshi, picha moja ya askari wanne waliyopigwa Ceylon, kikaratasi cha hospitali kilichokunjwa mara nne, na medali moja: upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Sita, upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Hiyo ni Medali ya Vita ya 1939–45, ambayo walipewa karibu wote waliotumikia jeshini angalau siku 28. Katika kitabu, kwenye ukurasa wa medali, yameandikwa majina mawili tu, Medali ya Vita na Medali ya Ulinzi. Chini yake kuna mstari mtupu.

Ukisoma ukurasa ule bila kujua lolote, utasema mzee huyu alivaa sare, akakaa kambini, akarudi. Kumbe maisha yake yote alisimulia Burma.

Burma haikuwa hadithi ya kahawa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon mwaka 1943, na katikati ya 1944 ikaingizwa vitani dhidi ya Wajapani. Ilishuka Bonde la Kabaw kutokea Tamu, mvua ikinyesha usiku na mchana, barabara zikiwa matope ya kumeza lori, malaria na homa za vichakani zikiangusha watu kuliko risasi. Mwanzoni mwa Desemba ikaingia Kalewa na kuuvuka mto Chindwin. Walikuwamo Wakenya, Waganda, Wanyasa, na kulikuwa na batalioni za Watanganyika, ikiwamo Keya ya 36, ambayo namba yake ndiyo iliyoandikwa ndani ya kitabu cha mzee wetu. Kwa askari wa nchi kavu aliyeingia katika mapigano ya Burma, hata kwa siku chache, kulikuwa na Nyota ya Burma: nyota ya pembe sita, utepe wenye mstari mwekundu katikati, na buluu na rangi ya machungwa pembeni. Katika bati la Shangazi haikuwamo, na katika kitabu haikutajwa.

Mtu anaweza kuuliza: yamepita miaka themanini, kipande cha shaba kina faida gani? Sisi wahasibu tuliliona tofauti. Medali nyingi za vita ile zilitolewa bila jina la askari kuchorwa juu yake. Unaweza kununua nyota kama ile kwa muuza vitu vya kale na ukaivaa. Chuma kile hakithibitishi lolote. Kinachothibitisha ni maandishi, na ya mzee wetu yalikuwa na upungufu. Leja ikikosa kiasi kilicholipwa kweli, hatusemi aliyelipa amekufa basi tuiache.

Ilikosekanaje? Medali zile ziliwekewa masharti vita vikiisha, wakati wengi walikwisha kurudi makwao. Hata askari wa Kiingereza wenyewe walitakiwa kujaza fomu kuziomba. Mtu aliyerudi Mara akakuta ng'ombe wake wamekufa, fomu hiyo angeitoa wapi? Tena yeye hakuachishwa pamoja na wenzake wa batalioni. Aliugua, akatolewa mstari wa mbele, na aliyeandika kitabu chake mwishoni alikuwa karani wa kambi nyingine ambaye hakumjua.

Sasa tuseme lililotuchelewesha, maana halikuwa karani peke yake.

Kwanza alikuja mtu. Alijua jina la mzee, alijua kijiji, na alisema kuna fidia ya Keya, mamilioni, imekaa Ulaya inasubiri warithi. Kinachotakiwa ni shilingi laki tatu za kufungulia faili. Familia mbili za kata yetu zilimpa. Hazijamwona tena. Tunarudia hapa ili iandikwe kwenye kijarida na isomwe nyumbani: kuomba medali isiyowahi kutolewa hakuna ada, na medali haina pesa ndani yake. Ni kweli askari Waafrika walipoachishwa walilipwa kidogo mno kuliko Wazungu waliopigana nao bega kwa bega, na hilo ni deni la aibu. Lakini ni shauri jingine, na hakuna faili la laki tatu linalolifungua.

Pili, tulikorofishana sisi wenyewe. Katika ukoo imesimuliwa miaka yote kwamba Babu Keya alimbeba afisa aliyejeruhiwa akamvusha mto Chindwin usiku. Kwa hiyo baadhi ya wajukuu walisema: msiombe nyota tu, ombeni na medali ya ushujaa; andikeni aliipata ikaibiwa. Baba mdogo mmoja alisema kwa hasira kwamba Wazungu wamechukua vingi, nasi tukidai kimoja cha ziada hatutakuwa tumewaibia.

Tulikataa, na kwa wiki kadhaa hatukusalimiana vizuri kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Medali za ushujaa zilitangazwa katika gazeti la serikali, London Gazette, kwa jina na namba ya jeshi, na matoleo yake ya zamani yanasomeka kwenye intaneti. Tulitafuta kwa namba yake. Tulitafuta kwa kila namna ambayo jina lake lingeweza kuandikwa. Hakuwamo.

Na lilikuja gumu zaidi. Kile kikaratasi cha hospitali, kilipokunjuliwa taratibu juu ya meza ya Shangazi, kilikuwa cha Novemba 1944. Chindwin ulivukwa Desemba. Mzee wetu hakuwapo.

Tulikaa na karatasi ile siku mbili bila kumwambia mtu. Kisha tukampigia Shangazi, maana yeye ndiye ndugu wa karibu kwa utaratibu wa urithi, na bila sahihi yake hakuna kinachokwenda. Tulimweleza kwa kuzunguka sana. Alinyamaza, halafu akasema: "Baba alisema mto. Chindwin mliongeza nyinyi, mlipoanza kusoma vitabu."

Ni kweli. Katika Bonde la Kabaw iko mito mingine, na mvua za huko hugeuza kila kijito kuwa mto. Huenda alimvusha mtu. Hatuna karatasi ya kulionyesha, kwa hiyo hatukuliandika. Tukaomba kile tu ambacho karatasi zinakibeba.

Jinsi tulivyolinganisha ni kama mnavyolinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki. Kitabu chake kinasema lini alipangiwa Keya ya 36. Kikaratasi kinasema lini alilazwa kutoka mstari wa mbele. Kilichokosekana ni batalioni ilikuwa wapi katikati ya tarehe hizo mbili. Shajara za vita za vikosi vile zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, na mtu yeyote anaweza kwenda kuzisoma. Binti mmoja wa kata yetu anayesoma huko alikwenda siku yake ya mapumziko, akapiga picha kurasa kwa simu, akatutumia. Shajara hazitaji askari Mwafrika kwa jina ila mara chache sana. Zinataja mahali na siku. Kwetu hiyo ilitosha: batalioni iliingia Burma yeye akiwa ndani yake, na alipotolewa mgonjwa ilikuwa bado huko.

Lilibaki jina. Jeshini liliandikwa na mtu aliyesikia tu: jina la baba yake likapewa L mahali pa R (nasi watu wa Mara, ndugu zangu, hatuna pa kumlaumu mwenzetu kwa hilo), na jina la ubatizo likawekwa mwisho kana kwamba ndilo la ukoo. Kwa jina lile hakuna mjukuu wake hata mmoja ambaye angeonekana ni ndugu. Kilichomwokoa ni namba ya jeshi, inayofanana kwenye kitabu, kwenye kikaratasi, na nyuma ya picha ya Ceylon kwa mwandiko wake mwenyewe. Tuliandikisha kifo RITA, maana alifia nyumbani na hakikuwa kimesajiliwa, tukapata barua ya Mtendaji wa Kijiji, na Shangazi akala kiapo mbele ya wakili kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Alipoulizwa anajuaje, alimjibu wakili kwamba yeye ndiye aliyemwosha.

Gharama zote, kuanzia nauli ya Shangazi kwenda Musoma mjini mara mbili, kiapo, picha, nakala na kutuma bahasha, zilikuwa shilingi 187,500. Stakabadhi zipo. Hazikutoka kwenye mfuko wa chama. Tulichanga wajukuu tisa.

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba jina halionekani. La pili liliomba karatasi tulizokuwa tumekwisha kuzituma. La tatu lilikuja baada ya miezi kumi na minne: kumbukumbu imerekebishwa, na Nyota ya Burma imetambuliwa kuwa stahili yake. Nyota ya 1939–45 haijakubaliwa. Ile inataka miezi sita katika eneo la mapigano, isipokuwa kwa aliyekatishwa na kifo, jeraha au ulemavu uliotokana na utumishi, na siku za mzee wetu, tukizihesabu kwa haki, hazifiki sita. Je, homa iliyomtoa Burma inahesabika? Hilo ndilo tulilowaandikia mwezi uliopita. Wakikataa, tutaandika kwamba wamekataa, na tutaifungua bahasha ya jibu mbele yenu kama tulivyoifungua hii.

Ninyi mpitao mjini kila siku mnaijua Sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita vya kwanza. Imeandikwa hata kwa Kiswahili, ila haina jina la askari hata mmoja. Hatukutaka kuizungumzia sana, ila mmoja wetu husimama pale kusubiri basi na ameomba itajwe.

Tunarudi kwenye kazi ya leo. Kama mlivyosoma, mchango wa mwaka huu ni wa kumalizia chumba cha maktaba cha sekondari yetu ya kata. Kuta zimefika kwenye linta. Zimebaki bati, dari, milango miwili na madirisha. Mwalimu Mkuu amekubali kwamba kabati moja la chuma lenye kufuli litengwe kwa nakala za karatasi za wazee: vitabu vya Keya, stakabadhi za kodi, barua za shamba la mkonge, kadi za chama cha ushirika. Nakala tu. Karatasi halisi inabaki na mwenyewe, na Shangazi alisema wazi kwamba bati lake la biskuti haliendi popote.

Tunajua wapo wengine. Tumehesabu majina kumi na moja ya waliokwenda Keya kutoka vijiji vyetu vitatu, kwa kuwauliza wazee tu, na ni familia nne zilizosema zina karatasi yoyote. Mmoja alituambia mchwa walimaliza ya kwao mwaka 2006.

Meza yetu iko mlangoni, upande wa kushoto. Wanaotoa ahadi waandike kiasi na tarehe ya kulipa, tafadhali tarehe ya kweli. Wenye karatasi za wazee, mashine ya kunakili ipo hapo hapo na kijana wetu ataifanyia kazi mpaka saa kumi na mbili jioni. Msizipitishe kwenye laminesheni kabla ya kutuletea, na msizinyooshe kwa pasi.