HOTUBA YA MWENYEKITI KATIKA SHEREHE YA MIAKA 10: TUZIBE UFA MAPEMA

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka 10. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki, tunawaombea wapumzike kwa amani.

Ndugu Mgeni Rasmi, habari za hisa na gawio atazisoma Mweka Hazina. Sisi tumeomba tuseme jambo moja tu, nalo ni nyumba zetu.

Akina mama wengi wa hapa tumetoka kwenye tembe la udongo, tukafyatua matofali, tukachoma, tukaezeka bati. Lakini kujenga ni mara moja, kutunza ni kila mwaka. Upepo wa huku mnaujua. Unang'oa bati, mvua inaingia, ukuta unalowa, mchwa wanapanda mpaka kwenye kenchi. Usiku mama anahamisha magunia ya mahindi kona hii kwenda kona ile. Mahindi yakilowa yakaota ukungu, ndiyo mtaji umekwenda hivyo.

Sasa jamani tuseme ukweli, hata kama unatuaibisha. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sisi tuliupata mkopo huo kabla mikopo haijasimamishwa nchi nzima Aprili 2023. Kwenye fomu tuliandika ufugaji wa kuku. Wenzetu watatu walipopata mgao wao walikwenda kununua bati.

Hawakuwa wezi. Mmoja alikuwa analala na wajukuu chini ya turubai. Lakini bati halitagi mayai. Siku ya marejesho hawakuwa na kitu, na deni ni la kikundi kizima. Tuliuza mbuzi, tukachota akiba, tukalipa mpaka shilingi ya mwisho. Wanachama wawili walikasirika wakatutoka. Kama leo wapo hapa, tunawaambia karibuni, kiti chenu kipo. Na kosa halikuwa la wale watatu peke yao. Sisi viongozi tuliziona bati zikishushwa, tukanyamaza.

Kutokana na hayo tukaanzisha Mfuko wa Nyumba. Kila kikao mwanachama anatoa shilingi 500 mbali na hisa, na fedha hiyo inakaa kwenye mfuko wake ndani ya sanduku. Mwenye shida anakopa bila riba, anarudisha baada ya mavuno. Kabla ya kumpa, wanachama watatu wanakwenda kukagua paa, kuta na msingi. Fedha hapewi mkononi, tunanunua vifaa pamoja naye.

Kwa kazi hiyo tumejifunza mengi. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Namba ikipanda, bati linakuwa jepesi, na muuzaji hakuambii. Mbao zipakwe oili chafu kabla ya kuezeka. Mtaro wa maji uchimbwe mbali na msingi, maana ufa mwingi unaanzia chini, siyo juu. Na mama aliyenunua bati atunze risiti yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Tuyajue haya kabla ya kupigilia msumari.

Ndugu Mgeni Rasmi, maporomoko ya tope yalipowakuta ndugu zetu wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023, Serikali na wahisani waliwajengea walionusurika nyumba zaidi ya 100 kule Waret. Tunashukuru sana. Lakini nyumba iliyobebwa na tope inaonwa na taifa zima. Inayovuja kidogo kidogo inaonwa na anayelala ndani tu.

Mikopo ya halmashauri ilirudi mwaka 2024. Tunajua ni ya uzalishaji, hatuombi igeuzwe kuwa ya bati. Tunaomba mambo mawili. La kwanza, fundi wa ujenzi wa halmashauri aje kijijini siku moja kila mwaka kabla ya mvua, atuonyeshe nyumba ipi inatibika na ipi ni hatari. La pili, afisa maendeleo ya jamii asiulize mradi peke yake. Aulize pia, "Mama, unalala wapi?" Akijua hilo mapema, hatutamdanganya tena kwenye fomu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka wa 11 tunauanza na nyumba za wanachama wajane. Atakayeweza kuleta misumari alete, mwenye mkokoteni auazime, mwenye nguvu aje na jembe la kuchimba mtaro.