BAHARI KUU NA MVUA YA SHAMBANI
Hotuba juu ya Elimu ya Bahari



Watu wengi wakaao bara hudhani kwamba habari za bahari ni za wavuvi na mabaharia tu. Mkulima wa Kitui, au mfugaji wa Garissa, huenda akaishi mpaka uzeeni asiuone ufuko hata mara moja, wala asijione kuwa amepungukiwa na kitu. Lakini sehemu kubwa ya mvua iliyootesha mahindi yake ilikuwa maji ya bahari kabla haijawa wingu. Na ukame uliomwulia ng'ombe wake mara nyingi ulianzia baharini, miezi kadhaa kabla yeye hajaona dalili yo yote. Kwa hiyo elimu ya bahari ni elimu ya kila mtu. Hotuba hii yakusudia kueleza kwa ufupi bahari ni nini, imechunguzwaje, na jinsi inavyoingia katika maisha ya mtu aliye mbali nayo.

UKUBWA NA KINA CHAKE

Uso wa dunia ukigawanywa katika mafungu 100 yaliyo sawa, mafungu 71 ni bahari, na mafungu 29 tu ndiyo nchi kavu. Tena katika maji yote yaliyo duniani, ya mito, ya maziwa, ya visima na ya barafu pamoja, kiasi cha mafungu 97 kwa 100 kimo baharini. Maji hayo yote yameungana, hakuna mpaka wa kuyatenga. Lakini ili yatajike kwa urahisi watu wameyagawa katika bahari kuu tano. Ya kwanza ni Pasifiki, ambayo peke yake ni pana kuliko nchi kavu zote zikikusanywa. Ya pili ni Atlantiki, na ya tatu ni Bahari ya Hindi, ndiyo ipigayo fuko za Mombasa, Lamu, Unguja na Dar es Salaam. Zilizobaki ni Bahari ya Kusini, izungukayo nchi ya barafu ya Antaktika, na Bahari ya Aktiki, iliyo ndogo kuliko zote.

Kina cha bahari, kwa wastani, ni karibu mita 3,700. Pahali penye kina kuliko pote pamo katika Pasifiki, katika mfereji uitwao Mariana, nako ni karibu mita 11,000 kwenda chini. Kama Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, ungeweza kung'olewa na kutiwa humo, kilele chake chenye theluji kingezama, na juu yake pangekuwako maji ya kina cha mita 5,000 hivi.

Watu wa zamani walidhani kwamba chini ya bahari ni tambarare kama sakafu. Sivyo. Kando ya bara kuna mahali pasipo na kina kirefu, ambapo ni mfano wa kibaraza cha nyumba, na humo ndimo samaki wengi wavuliwamo. Pwani ya Kenya kibaraza hiki ni chembamba mahali pengi, ila ni kipana kwenye Ghuba ya Ungwana, karibu na mahali Mto Tana uingiapo baharini. Mbele ya kibaraza kuna mteremko mkali, na chini ya mteremko kuna nyanda kubwa zenye giza, maana mwanga wa jua haufiki huko. Katikati ya bahari kuu imepita safu ya milima yenye urefu wa kilomita 65,000 hivi, ikizunguka dunia nzima. Hapo ndipo gamba la dunia hupasuka polepole, na mawe yaliyoyeyuka kwa moto hupanda kutoka chini yakawa sakafu mpya.

Na chumvi yatoka wapi? Katika kila kilo moja ya maji ya bahari mna chumvi kiasi cha gramu 35. Mvua huyala mawe ya nchi kavu kidogo kidogo, na mito huichukua chumvi hiyo mpaka baharini. Nyingine hutoka katika mawe ya moto yaliyo chini ya bahari yenyewe. Jua huyapandisha maji yakawa mvuke, lakini chumvi haipandi, bali hubaki. Wachimbao chumvi huko Gongoni, kaskazini ya Malindi, hutumia kanuni hiyo hiyo: huyaingiza maji ya bahari katika mabwawa, huliachia jua kazi yake, kisha huikusanya chumvi iliyobaki. Ndiyo sababu mvua itokayo baharini hunyweka.

JINSI BAHARI ILIVYOCHUNGUZWA

Manahodha wa zamani walipima kina kwa bildi, yaani kamba yenye kipande cha risasi mwishoni. Njia hiyo yafaa karibu na pwani, bali katika kilindi ni kazi ya saa nyingi. Hata hivyo ndiyo iliyotumiwa na meli ya Kiingereza Challenger, iliyosafiri toka Desemba 1872 hata Mei 1876. Wataalamu wake walizunguka bahari kuu, wakapima kina, joto na chumvi ya maji, wakakusanya viumbe vingi ambavyo havijapata kuonekana na mtu. Mwaka 1875, katika magharibi ya Pasifiki, kamba yao ilishuka pima 4,475, yaani zaidi ya mita 8,000. Wengi huhesabu safari hiyo kuwa ndiyo mwanzo wa elimu ya bahari ya siku hizi.

Baadaye ilivumbuliwa njia ya kupima kwa mwangwi. Meli hupiga sauti chini ya maji, nayo sauti hugonga sakafu ikarudi. Sauti huenda majini mita 1,500 hivi kwa sekunde. Basi ikirudi baada ya sekunde 4, hujulikana kwamba sakafu i mbali mita 3,000. Kwa vipimo vya namna hiyo Marie Tharp na mwenzake Bruce Heezen, wataalamu wa Marekani, walichora ramani ya sakafu ya bahari zote za dunia, ikatolewa mwaka 1977. Na mnamo 23 Januari 1960 watu wawili, Jacques Piccard na Don Walsh, walikwisha kushuka katika chombo Trieste mpaka chini kabisa ya mfereji wa Mariana.

Bahari ya Hindi ilikawia kuchunguzwa kuliko zile kubwa nyingine. Kati ya mwaka 1959 na 1965 mataifa mengi yaliungana kupeleka meli zao humo, wakapima pepo, mikondo na samaki. Siku hizi kazi kubwa hufanywa na satelaiti, ambazo hupima joto la uso wa bahari, na maboya yapatayo 4,000 yaeleayo katika bahari zote. Kila siku 10 hivi boya huzama kiasi cha mita 2,000, hupima joto na chumvi likipanda, kisha hupeleka habari zake kwa satelaiti.

PEPO, MIKONDO NA KUPWA KWA MAJI

Mambo mengine hayakuhitaji meli ya wataalamu. Mvuvi wa pwani amejua tangu zamani kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kwamba kila siku hukawia karibu dakika 50. Sababu yake ni mvuto wa mwezi, ukisaidiwa na mvuto wa jua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, mwezi na jua huvuta kwa mstari mmoja, ndipo huja bamvua. Huko Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hukingamana, nayo huwa maji mafu.

Vivyo hivyo manahodha walijua Kaskazi na Kusi karne nyingi kabla sababu yake haijaelezwa vitabuni. Bahari ya Hindi imefungwa na bara la Asia upande wa kaskazini. Nchi kavu hupata moto upesi na kupoa upesi kuliko maji. Asia inapokuwa katika majira ya baridi, hewa hutoka huko ikavuma baharini kuja Afrika: hiyo ni Kaskazi, iliyoleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Asia inapopata moto, upepo hugeuka ukavuma kutoka kusini: hiyo ni Kusi, iliyowarudisha makwao.

Pepo hizi huusukuma hata mkondo wa bahari. Mkondo upitao pwani ya Tanzania na Kenya huenda kaskazini mwaka mzima, lakini ule wa Somalia hugeuka pamoja na majira: wakati wa Kusi hukimbia kwenda kaskazini kwa nguvu nyingi, na wakati wa Kaskazi hurudi kusini. Kusi ikivuma sana, maji baridi hupanda kutoka chini karibu na Somalia, nayo huleta juu mbolea iliyolala kilindini. Kwa mbolea hiyo huota mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo chakula cha kwanza cha viumbe vya baharini.

MIZANI YA BAHARI YA HINDI

Sasa yafaa kurudi kwa mkulima wa Kitui. Bahari ya Hindi, katika eneo la ikweta, yaweza kufananishwa na mizani yenye visahani viwili, kimoja karibu na Indonesia, na cha pili karibu na Afrika. Kwa kawaida maji ya upande wa Indonesia huwa na joto zaidi. Maji yenye joto hutoa mvuke mwingi, na mawingu mazito ya mvua hukusanyika juu yake. Lakini miaka mingine mizani hupinduka: maji ya karibu na Sumatra hupoa, na maji ya upande wa Afrika hupata moto kupita desturi. Ndipo mawingu huhamia huku, na mvua za vuli, za Oktoba mpaka Desemba, hunyesha kupita kiasi. Mizani ikielemea upande wa Indonesia zaidi ya kawaida, vuli hupungua. Mwaka 1999 N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao waliandika maelezo ya jambo hili, wakaliita daipoli, maana yake hali yenye ncha mbili.

Si jambo dogo. Mwishoni mwa mwaka 1961 mizani ilipinduka hivyo, yakaja mafuriko makubwa katika Afrika Mashariki, na kufikia mwaka 1964 maji ya Ziwa Viktoria yalikuwa yamepanda zaidi ya mita 2. Mwaka 1997 ilitokea tena, pamoja na badiliko la Pasifiki liitwalo El Niño. Mwaka 2019 ilitokea bila El Niño yenye nguvu, na mwezi wa Novemba maporomoko ya udongo huko Pokot Magharibi yaliua watu zaidi ya 50. Kinyume chake, toka mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilipunguka katika sehemu nyingi za Kenya, Somalia na Ethiopia, na mifugo isiyohesabika ikafa. Maji ya Pasifiki yalikuwa yamebadilika, na mwaka 2022 mizani ya Bahari ya Hindi nayo ilielemea mashariki.

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi ipo dalili itanguliayo mawingu, nayo ni joto la bahari, ambalo mara nyingi hubadilika miezi kadhaa kabla ya vuli. Hii ndiyo sababu Idara ya Hali ya Hewa hutazama bahari kabla ya kutoa utabiri wa msimu. Utabiri huo si ahadi. Ni kusema lipi laelekea kuwa zaidi. Lakini mkulima asikiaye kwamba mvua yaelekea kuwa nyingi aweza kuzibua mifereji yake, kuinua ghala yake juu ya ardhi, na kuhama ukingo wa mto mapema. Akisikia kwamba yaelekea kuwa chache, aweza kupanda mtama, pojo na mbegu zikomaazo upesi, na mfugaji aweza kuuza baadhi ya wanyama wangali wanono.

MAARIFA HUOKOA MAISHA

Faida ya kupata habari mapema ilionekana wazi tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko kubwa chini ya bahari karibu na Sumatra lilisukuma maji, likazaa mawimbi ya tsunami yaliyoua watu zaidi ya 200,000 katika nchi za Bahari ya Hindi. Mawimbi hayo yalichukua saa nyingi kuvuka mpaka Afrika. Huko Somalia, ambako yalipiga kwa nguvu zaidi na watu hawakuonywa, walikufa watu wapatao 300. Kenya habari zilitangulia maji. Watu waliondolewa fukoni, akafa mtu mmoja. Baada ya msiba huo nchi za Bahari ya Hindi ziliweka mfumo wa kupashana tahadhari. Hata hivyo kila mtu aendaye pwani na akumbuke hili: bahari ikikimbia ghafula, mbali kuliko kupwa kwa kawaida, asiende kuokota samaki, bali akimbilie mahali palipoinuka na kuwaita wenzake.

Bahari yenyewe nayo yabadilika. Katika joto lililozidi duniani kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, zaidi ya mafungu 90 kwa 100 limeingia baharini. Mwaka 1998 maji ya pwani ya Afrika Mashariki yalipata moto mno, na matumbawe mengi yakageuka meupe na kufa, nayo ni nyumba ya samaki na kinga ya fuko dhidi ya mawimbi. Tena bahari yenye joto zaidi hutoa mvuke zaidi, na mvua ikija huweza kuja kwa kishindo.

Basi vijana wa shule wapendao hesabu na elimu ya viumbe wasidhani kwamba kazi ya bahari ni ya watu wa pwani peke yao. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya i Mombasa, nayo humhitaji kijana wa Machakos sawasawa na kijana wa Kilifi. Na wazazi, utabiri wa vuli utakapotangazwa, wausikilize kabla ya kuchagua mbegu.